Uzi Mwekundu wa Bibi Kioo

Jumapili, tarehe 3 Agosti

Kwa mke wa mwanangu,

Anayeandika ni wifi yako, maana macho yangu siku hizi yanaona mistari ikicheza. Lakini maneno ni yangu, na nimemwambia asipunguze hata moja. Kwenye simu sitaki. Kwenye simu unasema "ndiyo Mama, ndiyo Mama", kisha unafanya yako. Kwenye karatasi utajibu, nami nitaiweka.

Chiriku hajambo. Anakula, ananenepa, anaongea kutwa. Anasema amemfundisha jogoo wa jirani kutii amri. Jogoo mwenyewe sijaona akikubali.

Sasa nisikilize. Mtoto huyu ulimsahau kwenye benchi la zahanati, jirani yako kanisimulia. Mwavuli ulifika nao nyumbani. Mfuko wa dawa ulifika nao. Ukaanza kumenya viazi, na mtoto wa miaka minne yuko kwenye benchi na wagonjwa, kalala. Nikasema moyoni, ni mawazo, mume yuko barabarani na lori lake, msichana kaelemewa. Nikanyamaza. Kisha mwezi wa sita nikaja kukutembelea. Asubuhi naamka, nakukuta umekaa mkekani, mgongo umenyooka kama mpini wa fagio, macho umefumba. Nakuita, huitiki. Na mtoto kakaa pembeni yako vilevile, ananiwekea kidole mdomoni: "Bibi, usimwite. Mama anarudi."

Anarudi kutoka wapi? Mtu yuko hapo hapo mbele yangu, anarudi kutoka wapi?

Ndiyo maana nilipoondoka niliondoka naye. Nilisema ni likizo. Leo nakuambia wazi, haikuwa likizo. Acha huo mchezo wa kufumba macho, uniandikie kwa mkono wako kwamba umeacha, na mtoto atarudi. Ukikataa, shule zikifunguliwa tarehe 8 mwezi wa tisa ataanza chekechea hapa hapa kwangu. Sare nimeshamshonea.

Mumeo nimempigia. Amesema tumalizane wenyewe.

Ni mimi, mama yake mumeo

(Wifi, ni mimi mwandishi. Hajui kama nimeongeza. Mjibu kwa upole, tafadhali. Tangu Baba afariki, Mama hajatulia.)


Jumatatu, tarehe 11 Agosti

Shikamoo Mama,

Barua yako nimeipata. Nimeisoma kiwandani saa ya chai, nikaisoma tena nyumbani nione kama jibu litabadilika. Halikubadilika. Sitaacha.

Naomba usiikunje hapo. Soma mpaka chini.

Unajua shule niliacha mapema, kwa hiyo nitaeleza kama ninavyojua kuongea. Kiwandani kwetu kitambaa kikitoka kwenye mashine kinapitishwa juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake. Kazi yangu ni kutazama. Hiyo tu. Kitambaa kinapita, mwanga unakipenya, nikiona uzi umekatika nasimamisha, nafunga kauzi kekundu pembeni, naachia kinaendelea. Watu wanadhani ni kazi ya kusinzia. Kaa wewe hapo uone. Macho yako kwenye kitambaa, na akili imeshapanda lori na Baba Chiriku, inamwonyesha kona mbaya, ikitoka huko inakwenda kugombana na mtu aliyekutukana mwaka juzi. Majora yangu yalikuwa yakirudishwa na matundu, mpaka msimamizi akawa ananiita Dirisha, maana kila kitu kinapita.

Na akili hiyo hiyo ndiyo iliyomwacha mtoto wangu kwenye benchi. Sikumwacha kwa kutompenda, Mama. Nilimwacha kwa sababu sikuwepo. Mwili ulikuwa zahanati, mimi sikuwepo.

Kesho yake nililia juu ya kitambaa mpaka kikalowa. Meza ya jirani anakaa mama mmoja mtu mzima, tunamwita Bibi Kioo kwa sababu kile kioo amekizeekea. Akazima taa yake, akaja. Hata pole hakunipa. Akasema, "Weka mikono juu ya kioo. Sikiliza pumzi inapoingia puani. Usifanye kingine."

Kabla sijavuta ya pili nilikuwa nimeshafika barabarani kwa mume wangu. Nikamwambia, "Bibi, akili yangu haikai."

Akacheka. "Una mtoto?"

"Ninaye."

"Alipokuwa anatambaa, alikuwa akielekea wapi?"

"Mlangoni. Kila ukimwacha, mlangoni."

"Nawe ukifanya nini?"

"Namnyanyua, namrudisha mkekani."

"Ulikuwa ukimchapa?"

"Bibi nawe! Mtoto wa kutambaa anachapwaje?"

"Haya basi," akasema. "Nyanyua, rudisha. Ikienda tena, nyanyua, rudisha. Wala usiichape."

Mama, ndiyo yote. Hakuna dawa, hakuna jini, hakuna dini mpya. Kila asubuhi kabla sijawasha jiko nakaa mkekani, akili inatambaa kwenda mlangoni, mimi nainyanyua. Siku nyingine nanyanyua tu mpaka jiko linadai haki yake. Chiriku aliponiona naye akataka, akauita mchezo wa kurudi. Akitulia kidogo anajipigia makofi mwenyewe, na hapo mchezo umekwisha.

Ulivyoniita siku ile nilikusikia. Ningeitika nikimaliza. Nakuomba radhi kwa hilo, kwa sababu ulikuwa mgeni wangu. Kwa mengine siombi.

Msimamizi haniiti Dirisha tena.

Ndani ya bahasha kuna uzi mwekundu wa kazini. Mpe Chiriku. Huwa anaushika akisahau namna ya kurudi, mwenyewe anajua. Jumamosi tarehe 6, kabla shule hazijafunguliwa, nakuja kumchukua. Hiyo sare ataivalia huku, ahsante kwa kushona.

Wako kwa heshima, na kwa kukataa,
Mama Chiriku


Jumanne, tarehe 19 Agosti

Wewe binti,

Uzi wako nimeuchoma. Nimeutia kwenye jiko la mkaa, wifi yako akiwa shahidi. Mimi mtu mzima nifungue bahasha utoke uzi mwekundu, niambiwe nimpe mtoto aushike, kisha nikae nitazame? Hirizi naijua, hata ukiivisha sare ya kiwandani.

Na huyo mwalimu wako hata jina halijifichi. Bibi Kioo! Mtu anayewatazamia watu kwenye kioo unamwita mwenzako wa kazini, kisha unanieleza habari za majora. Nimezaliwa jana?

Mtoto alilia kidogo, nikampa biskuti.

Tarehe 6 usije. Ukija utaukuta mlango umefungwa na mimi nimesimama mbele yake. Nina miguu mizuri ya kusimama.

Bibi yake Chiriku

(Wifi yangu, karatasi hii ya pili ni yangu peke yangu, nimeiingiza nikilamba bahasha. Usimwandikie kwamba nimesema. Mama akiamka anawasha redio. Stesheni ikipotea, ikabaki inakwaruza, anaiacha hivyo hivyo. Nikiizima anatoka mbio jikoni kama nimemwagia maji moto wake. Chakula anakula amesimama, sahani mkononi, kama mtu anayesubiri basi. Kiti cha Baba hakivutwi. Chiriku akinyamaza, anamshika bega: "Ongea, mjukuu wangu, sema chochote." Na mwanao, pole, ameshapata uzi mwingine. Ameuchomoa kwenye sweta langu jekundu. Sasa lina tundu la kupitisha kidole gumba. Nimemkuta stoo, kakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, uzi mkononi, macho kayafumba kwa nguvu mpaka pua imekunjamana. Nikamuuliza unafanya nini. Akasema, "Nimekwenda kwa Mama, sasa narudi.")


Jumapili, tarehe 24 Agosti

Mama,

Shikamoo. Hiyo ni ya heshima. Yanayofuata ni ya hasira, na nimeamua kuandika nikiwa nayo, ili ujue kwamba kukaa mkekani hakujanigeuza kondoo. Hasira ninayo nzima. Tofauti ni kwamba zamani ilikuwa inanibeba, leo nimeibeba mimi na najua ninakoipeleka. Inakuja kwako.

Ningeweza kukudanganya. Umewaza hilo? Ningeandika mstari mmoja, "Mama, nimeacha", ukaridhika, mtoto akarudi, na asubuhi yake nikakaa mkekani nimefunga mlango. Wewe uko mbali, ungejuaje? Bibi Kioo mwenyewe aliniambia, "Mwandikie anachotaka, msichana, upate mwanao." Nikashika kalamu. Mkono ukakataa. Nimechoka kuwa mtu ambaye mwili wake uko hapa na mwenyewe yuko kwingine, halafu niipeleke na barua yangu iwe hivyo hivyo?

Na uzi uliouchoma. Wacha nikuambie ulichoma nini. Kiwandani uzi mwekundu hauwekwi kitambaa kitupwe. Unawekwa ili wanawake wa sindano, wanaokaa chumba cha mwisho, wajue pa kushona. Kitambaa chenye uzi pembeni ndicho kinachopona. Kile kilichopita bila kuonekana ndicho kinachochanika mgongoni mwa mtu njiani. Uzi unasema: hapa pameonekana. Basi. Mimi ule wa kwanza niliufunga kwenye mpini wa ule mwavuli. Siku ile ya benchi niliufikisha mwavuli nyumbani na mtoto sikumfikisha. Sasa kila nikiushika, naona. Unanikumbusha benchi kama vile mimi nimesahau. Mama, mimi mwavuli ule naubeba hata pasipo mvua.

Wewe uzi wako ungeufunga wapi? Kwenye redio? Kwenye kile kiti ambacho hakivutwi? Unaniuliza mimi nimekwenda wapi nikifumba macho, na wewe unakula umesimama kama mtu anayesubiri basi. Basi gani hilo unalolisubiri?

Tarehe 6 nakuja. Simama mlangoni ukitaka. Mimi nitakaa nje ya mlango, mgongo nimeunyoosha kama huo mpini wa fagio, mbele ya majirani zako wote na jogoo wao. Tutaona nani atachoka kwanza, aliyesimama au aliyekaa.

Mama Chiriku, ambaye hajaacha


Jumamosi, tarehe 30 Agosti

Kwa mke wa mwanangu,

Mwandiko huu ni wangu. Usishangae ukipanda na kushuka, sijashika kalamu tangu msiba.

Wifi yako alikuwa ananisomea barua yako, akafika mahali akaruka. Nimemzaa mimi, najua akiruka. Nikamnyang'anya karatasi, nikaenda kabatini nikatoa miwani ya marehemu, nikavaa, nikasoma yote. Ya redio. Ya kiti. Ya basi. Wifi yako amelia siku nzima, anasema ulimwahidi. Nimemwambia hukumwahidi, alikuomba tu, na mtu mwenye hasira hasomi maombi. Yale mengine mtamalizana ninyi.

Sasa nakuambia jambo. Macho yangu si mabovu kama nilivyosema. Nilisema mistari inacheza. Mistari haichezi. Kuandika kunataka mtu akae, basi. Na mimi nikikaa, inakuja. Nikikaa tu inakuja, ile asubuhi ya mwisho, jinsi marehemu alivyoniambia nimpe maji nikamwambia ngoja nimalize kufagia.

Kwa hiyo sikai.

Juzi mezani nilikuwa nimesimama na sahani yangu. Redio inakwaruza. Chiriku ameacha kula ananitazama. Akasema, "Bibi, umetoka." Nikasema niko hapa. Akasema, "Hapana, umetoka. Rudi." Akakivuta kiti cha babu yake. Kilivyokwaruza sakafu, wifi yako alidondosha kijiko. Mtoto akakipigapiga kiti kwa kiganja kama mtu anayemkaribisha mgeni. Mwanangu, nikakaa. Nikakaa, nikalia mbele ya mtoto mpaka mboga ikapoa, na yeye akawa ananiambia, "Vuta pumzi puani, Bibi. Si mdomoni. Puani." Ana amri kama askari. Huyo jogoo sasa namhurumia.

Hata sasa nimekaa kwenye kiti hicho, naandika.

Si benchi lililonifanya nimchukue mtoto. Wala si kufumba macho kwako, ingawa kulinitisha, na jambo hilo bado silipendi. Nilikuja kwako mwezi wa sita, nikalala usingizi, kwa sababu mtoto anaongea hata ndotoni. Nikawaza, nikirudi peke yangu kwenye ile nyumba nitasikia yote. Nikatafuta sababu. Wewe ukanipa.

Sasa siamuru. Niachie Chiriku mpaka mwaka uishe. Ataanza chekechea hapa, wewe utakuja utakapo. Nakuomba. Neno hilo sijawahi kukuambia tangu uolewe, na wewe unajua.

Mama


Jumatano, tarehe 3 Septemba

Mama yangu, shikamoo,

Barua hii nimempa kondakta wa basi mkononi, nimemwambia asipoifikisha nitamfuata kwao. Nataka ikufikie kabla yangu.

Kwanza wifi. Kosa ni langu. Kaniamini, nami hasira ikanitoka na siri yake ikiwa ndani. Kwa hiyo kule kujisifu kwangu kwamba nimeibeba hasira, kufute. Pale ilinibeba, nimepaona. Nitamletea sweta. Kitambaa chake nitakikagua mwenyewe.

Barua yako niliisomea mkekani. Nikakusudia kuvuta pumzi kwanza, nikashindwa, nikalia, nikanyanyua, nikarudisha, nikalia tena. Ile ya maji nimeisoma mara tatu. Sitakuambia halikuwa kosa lako, kwa sababu nakumbuka watu walioniambia benchi halikuwa kosa langu, na haikunisaidia chochote. Nakuambia tu kwamba sasa nalijua nami, hulibebi peke yako.

Na ombi lako, Mama.

Hapana.

Ni vigumu kuliandika, lakini ni hapana. Chiriku si redio. Hatukumzaa ili ajaze nyumba sauti, watu wazima tusisikie ya kwetu. Leo anakuambia rudi na wewe unarudi. Kesho atajiona ndiye anayetushikilia sote, na akinyamaza sisi tutaanguka. Mtoto wa miaka minne! Aongee kwa sababu ana la kusema. Na akitaka kunyamaza anyamaze, pasiwe na mtu wa kumshika bega.

Kwa hiyo Jumamosi nakuja na basi la asubuhi, na nitaondoka naye. Hilo halina mjadala. Ila sikusema nitaondoka naye peke yake. Fungasha na wewe. Chumba ni kimoja, unakijua, na kitanda nitakuachia. Mimi na Chiriku mkeka tumeuzoea. Usiseme nimekuonea huruma. Nakuhitaji: nikiwa zamu ya mchana mtoto anabaki kwa jirani, na jirani mwenyewe ndiye aliyekuletea habari zangu! Bora habari zikae ndani ya nyumba. Na Bibi Kioo anataka kumwona mtu aliyemfanya mganga. Kacheka mpaka ikabidi asimamishe mashine. Jora lote likachelewa, na amesema lawama ni zako.

Kama hutaki kuja, sawa, mlango ni wako. Lakini usisimame mbele yake. Kaa. Zima redio mchana wakati jua lipo na wifi yupo, ukae kwenye kiti hicho hicho. Pumzi, puani, umeshaambiwa na askari wako. Akili itakwenda kwa Baba. Iache ifike, imsalimie, impe na maji. Kisha inyanyue, irudishe. Wala usiichape.

Macho si lazima uyafumbe. Najua hupendi.

Nimetia uzi mwingine ndani ya bahasha. Huu si wa Chiriku, yeye ana sweta zima la kuchomoa. Huu ni wako, ufunge mahali unapopajua mwenyewe.

Safari hii usiuchome.

Mwanao